Bei za magari ya spoti yaliyotumika: zimeanza kupanda? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali yanayorudiwa na watu wanaowinda STI, Evo, Skyline, Supra, Chaser na ndugu zao wa Japani. Majibu yanaelemea Kenya na Tanzania, kwa sababu sheria za nchi hizi mbili zinatofautiana mno, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua bei. Viwango vya kodi vilivyotajwa ni vya mwaka 2025. Bajeti ya kila Juni inaweza kuvigusa, kwa hiyo hakikisha kabla hujatuma pesa.

## Mambo ya msingi

1. Kwa kifupi: zinapanda au hazipandi?

Zimepanda, ila si zote, na hazikuanza leo. Kishindo kikubwa kilikuja kati ya 2020 na 2022. Wakati wa korona riba za Marekani na Ulaya zilikuwa chini kabisa, viwanda vya magari mapya vilikosa chipu, na watu waliofungiwa majumbani walikuwa na muda wa kushinda kwenye minada ya mtandaoni. Kisha kuanzia Machi 2022 benki kuu ya Marekani ikapandisha riba kutoka karibu sifuri hadi asilimia 5.25–5.50 kufikia Julai 2023. Wanunuzi wa kukopa wakapungua, na soko likapoa.

Kilichobaki baada ya hapo ni mpasuko. Gari safi, lisilochezewa, lenye karatasi zake zote, linashikilia bei au linazidi kupanda. Gari la aina hiyohiyo lililopigwa rangi mara tatu na kubadilishwa injini linakaa yadini mpaka matairi yanaisha upepo. Mtu akikuambia "Evo zimepanda", muulize ni Evo ipi na iko katika hali gani.

2. Hapa "gari la spoti" ni lipi?

Tunazungumzia magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya mwendo tangu kiwandani: Subaru Impreza WRX STI, Mitsubishi Lancer Evolution, Nissan Skyline GT-R na Silvia, Toyota Supra, Chaser na Mark II zenye turbo, Mazda RX-7, Honda S2000 na Integra Type R. Ferrari na Porsche zina soko lake. Na Probox yenye egzosi kubwa, pamoja na heshima yote inayostahili barabarani, haimo.

3. Kwa nini gari kuukuu lipande bei badala ya kushuka?

Kwa sababu halitengenezwi tena na wanaolitaka wamezidi. Supra ya A80 na RX-7 ya FD zilikoma 2002. Skyline GT-R ya R34 ilitengenezwa kuanzia 1999 hadi 2002, jumla magari elfu kumi na moja na ushei tu. Evo ya mwisho, ya kumi, ilifungiwa pazia kwa toleo la Final Edition la mwaka 2015. GT-R ya R35 nayo ilitoka kiwandani Tochigi kwa mara ya mwisho Agosti 2025. Kila ajali, kila kutu na kila injini iliyopasuka inapunguza idadi, na hakuna kinachoongeza.

Upande wa pili ni umri wa wanunuzi. Waliokuwa na miaka 12 wakiendesha magari haya kwenye michezo ya kompyuta na kuyaona kwenye sinema sasa wana kazi na mishahara. R34 aliyoendesha mwigizaji Paul Walker kwenye sinema iliuzwa mnadani mwaka 2023 kwa dola 1,357,000. Hiyo si bei ya gari. Ni bei ya kumbukumbu ya marehemu, na isitumiwe kukupandishia bei ya Skyline ya kawaida.

4. Sheria ya Marekani ya miaka 25 inanihusu nini mimi niliye Nakuru au Dodoma?

Inakuhusu kwa sababu wewe na Mmarekani mnagombea gari moja kwenye mnada uleule wa Japani. Kwa sheria iliyopitishwa mwaka 1988, gari ambalo halikutengenezwa kwa viwango vya usalama vya Marekani haliruhusiwi kuingia na kutumika kama magari mengine mpaka litimize miaka 25, ikihesabiwa tangu mwezi lilipotengenezwa. Kanada wao wanasubiri miaka 15 tu.

Kwa hiyo kila mwaka kuna kundi jipya linalofunguliwa, na wafanyabiashara hununua mapema na kuliweka ghalani wakisubiri tarehe. R34 za kwanza zilifikia umri huo 2024. Impreza STI za umbo la GDB, zilizoanza kutoka mwishoni mwa 2000, zilianza kufikia mwishoni mwa 2025, na Evo VII zinafuata 2026. Ukiona bei ya mnadani ya gari fulani inaruka ghafla, hesabu umri wake kabla ya kumlaumu dalali.

## Japani: minada na sarafu

5. Yeni imeshuka sana. Mbona sisi hatuoni nafuu?

Yeni ilishuka kweli: mwanzoni mwa 2021 dola moja ilikuwa kama yeni 103, na katikati ya 2024 ikavuka 160. Lakini sisi hatulipi kwa dola tuliyozaliwa nayo. Shilingi ya Kenya ilifika karibu 160 kwa dola mwanzoni mwa 2024 kabla ya kurudi kwenye 129 hivi, na ya Tanzania nayo ililegea. Faida ya yeni ikaliwa na shilingi.

Tena, yeni rahisi ni rahisi kwa kila mtu. Mmarekani, Mwaustralia na mnunuzi wa Dubai wote waliona punguzo lilelile na wakapandisha dau. Aliyenufaika kwa kiasi fulani ni mnunuzi wa magari ambayo wao hawayataki: WRX S4 ya otomatiki, kwa mfano.

6. Japani kwenyewe hawayataki magari haya?

Wanayataka sana, na wao pia wanayakusanya. Ila kulimiliki gari kuukuu huko ni gharama. Kuna ukaguzi wa lazima kila baada ya miaka miwili, na gari la petroli likipita miaka 13 kodi yake ya mwaka huongezwa. Ndiyo maana magari mengi mazuri huishia mnadani badala ya kubaki kwa mwenyewe.

7. Karatasi ya mnada inasomwaje?

Hiki ndicho kipande cha karatasi kitakachokuokolea pesa kuliko kitu kingine chochote, na wauzaji wengi huonyesha picha yake iliyofifia wakitumaini hutauliza.

Juu kuna gredi: 5 na 4.5 ni gari zuri sana, 4 ni zuri, 3.5 limechoka kiasi. R au RA maana yake gari liligongwa na likatengenezwa sehemu za mfupa wake. Kubadilisha boneti au mlango peke yake hakulipi gari gredi ya R. Kinachohesabika ni chasisi, nguzo, sakafu na sehemu kama hizo. R si hukumu ya kifo, lakini ni bei nyingine kabisa.

Chini kuna mchoro wa gari uliojaa herufi. A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni sehemu iliyonyooshwa au kupigwa rangi, S ni kutu, na XX ni kipande kilichobadilishwa. Namba inayofuata ni ukubwa wake: A1 hata hutaiona, A3 utaionea ng'ambo ya barabara. Gari lenye W nyingi upande mmoja lilipata kishindo upande huo, hata kama gredi inasema 4.

Maelezo ya mkaguzi huandikwa Kijapani kwa mkono. Yatafsirishwe na mtu asiyepata kamisheni kwenye mauzo hayo.

## Kenya

8. Naweza kuagiza R34, Supra ya A80 au Evo IX kuja Mombasa?

Hapana. Kenya hairuhusu gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na usukani lazima uwe kulia. Kwa mwaka 2026 maana yake ni magari yaliyosajiliwa kuanzia Januari 2019. Magari ya zamani unayoyaona Nairobi yaliingia yakiwa bado na umri unaoruhusiwa, au yameingia kwa njia ambazo hutaki kuzirithi pamoja na gari.

Kwa hiyo Kenya ina bwawa lililofungwa la GC8 (Impreza ya miaka ya tisini), GDB na Evo. Mmarekani hawezi kulinywa kwa urahisi (tazama swali la 20), lakini wewe nawe huwezi kuliongeza maji.

9. Na STI je? Nasikia mlango unafungwa.

Unafungwa, na hili kwa maoni yangu ndilo jambo kubwa kuliko yote kwenye ukurasa huu kwa mnunuzi wa Kenya. Injini ya EJ20, ndiyo inayobeba STI za Japani, ilikoma huko mwishoni mwa 2019. Subaru wakatoa toleo la kuaga, EJ20 Final Edition, magari 555 tu, yaliyofika kwa wenyewe hadi mwaka 2020. Mwaka 2022 kampuni ikatangaza kwamba umbo jipya la WRX halitakuwa na STI ya petroli.

Sasa piga hesabu ya miaka 8. Mwaka 2026 unaweza kuagiza STI iliyosajiliwa 2019 au baadaye. Mwaka 2027 zinabaki zile chache zilizochelewa kusajiliwa, za 2020. Baada ya hapo hakuna STI ya Japani itakayoshuka melini Mombasa kihalali. Marekani waliuziwa STI hadi 2021, lakini zile usukani uko kushoto.

10. Kodi ya Kenya inaongeza kiasi gani?

Kwa gari la petroli lenye injini ya zaidi ya sisi (cc) 1500, mradi halijavuka 3000, chukua thamani ya forodha ya shilingi 1,000,000. Ushuru wa asilimia 35 ni 350,000. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 25 hukokotolewa juu ya 1,350,000, yaani 337,500. VAT ya asilimia 16 juu ya jumla hiyo ni 270,000. Ongeza ada ya tamko la uagizaji ya asilimia 2.5 na tozo ya reli ya asilimia 2, jumla 45,000. Kodi yote: 1,002,500. Umelinunua gari mara mbili.

Petroli ikivuka sisi 3000, kama ilivyo R35, ushuru wa bidhaa ni asilimia 35 na jumla inafika 1,159,100 kwa kila milioni.

Jambo linalowaumiza wengi: hiyo milioni si pesa uliyolipa mnadani. KRA huanza na bei ya gari jipya kwenye orodha yake, ikapunguza uchakavu kulingana na umri, na kurudi nyuma hadi thamani ya forodha. Ukipata bahati mnadani, bahati hiyo haifiki Kilindini.

11. Kwa hiyo STI zilizopo nchini zitapanda bei?

Zile nzuri, naamini ndiyo. Kwenye nchi ambayo Colin McRae alishinda Safari Rally kwa Impreza mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000, na ambako Patrick Njiru aliifanya Subaru kuwa jina la nyumbani, wanunuzi hawatakosekana. Lakini STI nyingi za Nairobi zimeishi maisha magumu: busti (msukumo wa hewa wa turbo) imepandishwa, egzosi inafyatua kama bunduki usiku wa manane, gia ya pili inalalamika. Hizo hazipandi bei kwa sababu tu dada zao wamepanda. Soma swali la 14 na la 15 kabla ya kutoa hata shilingi ya kwanza.

## Tanzania na Uganda

12. Tanzania inaruhusu magari ya zamani. Basi ni rahisi zaidi?

Inaruhusu, ila inakutoza uzee. Gari dogo lenye miaka 8 hadi 10 huongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 15, na likizidi 10 ni asilimia 30, juu ya kodi nyingine zote.

Tuseme Chaser ya sisi 2500 yenye thamani ya forodha ya shilingi milioni 10. Ushuru wa asilimia 25 ni milioni 2.5. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 juu ya milioni 12.5 ni 1,250,000. Uchakavu wa asilimia 30 juu ya hizohizo milioni 12.5 ni 3,750,000. VAT ya asilimia 18 juu ya milioni 17.5 ni 3,150,000. Hiyo ni 10,650,000, bado tozo ndogondogo za reli na forodha. Na TRA nao wana kikokotoo chenye thamani zao, wala hawafuati risiti yako tu.

Hata hivyo mlango uko wazi, na hiyo ni tofauti kubwa. Mtanzania mwenye pesa anaweza kuleta R34 leo. Bei yake kwa hiyo inafuata mnada wa Japani moja kwa moja, pamoja na Wamarekani wake.

13. GX 100 na GX 110 nazo zinapanda? Na Uganda hali ikoje?

Hapa kuna mchanganyiko unaowagharimu watu. GX 100 na GX 110 zina injini ya 1G, yenye silinda sita, tamu, inayodumu, lakini si ya spoti. Zinazogombaniwa duniani ni JZX100 na JZX110 zenye 1JZ-GTE ya turbo, hasa Chaser Tourer V ya gia za mkono. Bodi ni moja, bei ni mbingu na ardhi. GX nzuri ya Dar ni gari zuri la kutumia, na Altezza pia, ila usiinunue kwa bei ya JZX kwa sababu muuzaji ameona video.

Uganda ilipiga marufuku mwaka 2018 uingizaji wa magari yenye miaka 15 au zaidi, na yaliyozeeka chini ya hapo hulipa tozo ya mazingira. Kwa magari ya miaka ya tisini mlango umefungwa kama Kenya.

## Kununua

14. Nitajuaje kama STI ni STI kweli?

Usiangalie nembo. Nembo ya STI huuzwa dukani kwa bei ya chakula cha mchana. Fungua boneti, tafuta kibati cha modeli, usome herufi za mwanzo za namba ya chasisi. Kwenye umbo la 2000–2007, GDB ni STI na GDA ni WRX ya kawaida. Umbo lililofuata: GRB ni STI ya milango mitano, GVB ni sedani, na GRF au GVF ni zile za otomatiki zenye injini ya 2.5. Umbo la mwisho: VAB ni STI, VAG ni WRX S4.

Kanuni ni ileile kwa wengine. BNR34 ni GT-R, ER34 si GT-R hata ikivalishwa bodi yake. JZA80 ni Supra, FD3S ni RX-7, CT9A ni Evo VII hadi IX, CZ4A ni Evo X.

Kisha linganisha namba ya kibati, namba iliyogongwa kwenye chuma na namba iliyo kwenye kitabu cha gari au kadi. Ukiona alama za msasa au rangi mpya kuzunguka namba iliyogongwa, funga boneti, aga, ondoka.

15. Gari lililoongezwa nguvu lina thamani zaidi?

Kwa aliyelijenga, ndiyo. Kwako, mara nyingi hapana. Mnunuzi wa bei ya juu anatafuta gari la kiwandani, au angalau lililobadilishwa huku vipuri vyake vya asili vikiwa vimewekwa ndani ya boksi. Uliza: ECU (kompyuta ya injini) ilipangwa na nani? Busti ni ngapi? Taimingi belti ilibadilishwa lini? Kwenye injini za 2.5 za STI, busti ya kubahatisha huvunja kingo za pistoni zinazoshika ringi. Fundi apime mgandamizo wa silinda zote, gari likiwa na moto na likiwa baridi. Muuzaji anayekataa kipimo hicho amekwisha kukujibu.

16. Kilomita zinaaminika?

Usisome dashibodi peke yake. Cheti cha kufuta usajili Japani kina kilomita zilizorekodiwa kwenye ukaguzi, na karatasi ya mnada ina zake. Zote zikikubaliana, vizuri. Kwa gari lililokwisha tumika nchini miaka kumi, kilomita ni porojo tu. Angalia usukani, kanyagio la klachi na kiti cha dereva.

17. Otomatiki na gia za mkono bei zinatofautiana?

Sana, na pengo linapanuka. Otomatiki ni rahisi zaidi, na kwenye foleni ya Thika Road au Mandela ni raha zaidi. Jihadhari na otomatiki iliyobadilishwa kuwa ya gia za mkono: kibati cha modeli (swali la 14) bado kitasema ukweli.

## Maswali ya pembeni

18. Ninunue moja kama akiba ya pesa?

Singekushauri, isipokuwa unalipenda gari lenyewe. Linahitaji bima, mahali pa kulala lisipopigwa na jua na chumvi ya bahari, na vipuri. Nissan na Toyota wanatengeneza upya baadhi ya vipuri vya Skyline GT-R na Supra za zamani, lakini si vya bei ya Kirinyaga Road, mtaa wa vipuri wa Nairobi. Ondoa gharama hizo kwenye faida unayoiota, halafu linganisha na hati fungani ya serikali.

19. Nitapata bima kubwa kwa gari la 2003?

Kampuni nyingi husita gari likishapita umri fulani, na zinazokubali huweka thamani ya chini. Tafuta mthamini anayejua magari haya, aandike ripoti yenye picha, na mkubaliane na kampuni thamani hiyo kabla ya kulipa. Bila hivyo, gari likiibwa utalipwa bei ya Impreza ya kawaida.

20. Naweza kuuza GC8 yangu ya Nairobi kwa Mmarekani?

Kisheria haizuiliki, ikiwa imefikisha miaka 25 na una uthibitisho wa tarehe ya kutengenezwa. Kibiashara ni shida. Mnunuzi wa huko ana mamia ya magari ya Japani yenye karatasi za mnada mbele yake, na lako lina barabara za Kenya mwilini. Bila cheti cha awali cha Japani usianze safari hiyo.

21. Magari ya umeme yatazishusha bei?

Hadi sasa yamefanya kinyume: kadiri viwanda vinavyoacha injini za namna hii, ndivyo zilizobaki zinavyotafutwa. Hatari ninayoiona mimi ni kizazi kijacho cha wanunuzi, ambacho huenda kikapenda kitu kingine kabisa.

22. Evo ya marehemu baba imekaa chini ya mwembe miaka, na kitabu hakionekani. Niiuze vipi?

Usiiwashe kwanza. Petroli ya zamani imwagwe, oili na belti zibadilishwe, injini izungushwe kwa mkono kabla ya kuguswa na betri. Wakati huohuo anza karatasi. Nchini Kenya, gari la marehemu haliwezi kuhamishwa jina bila hati ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, hata kama familia yote imekubaliana. Tanzania nako utahitaji msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Hati ikipatikana, rekodi ya gari huthibitishwa NTSA kwa Kenya au TRA kwa Tanzania, na kitabu kilichopotea huombewa kingine.

Madalali watakuja mapema, wakisema gari halina karatasi kwa hiyo ni chuma chakavu. Kama kibati chini ya boneti kinasema CP9A au CT9A, yaani ni Evo halisi, waambie wasubiri mahakama.